Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo: tufundisheni kutafuta kabla ya kutukagua

Kwa: Makamu wakuu wa vyuo, wakuu wa idara, na wote mnaopanga masomo ya stadi za mawasiliano na mbinu za utafiti
Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wakutubi wa vyuo

YAH: NAMNA TUNAVYOFUNDISHWA UTAFITI NA MAREJELEO

Shikamooni waheshimiwa.

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kutoka Dunda, Bagamoyo, niko nyumbani nasubiri mahafali. Ripoti yangu ya utafiti ilishapokelewa, ikagongwa muhuri, ikaingia kabatini, kwa hiyo siombi kuongezewa alama. Mdogo wangu ndiye anayeingia mwaka wa kwanza safari hii, na kitini atakachokutana nacho nakijua ukurasa kwa ukurasa. Ni kilekile nilichopewa mimi; kimetolewa kopi ya kopi pale steshenari nje ya geti mpaka herufi zimeanza kukatika.

Kitini hicho kina mambo mengi sahihi. Kinaonyesha nukta inakaa wapi, mwaka unaingia kwenye mabano gani, jina la kitabu linalazwa vipi. Kisichosema ni namna ya kukipata hicho kitabu, wala namna ya kujua kama aliyekiandika anajua anachokisema. Tukajifunza kuandika marejeleo ya vitabu tusivyowahi kuvishika, tukafanyia mtihani, tukafaulu, maisha yakaendelea. Kisha mwaka wa tatu ukafika, kila mmoja akaambiwa akatafute jambo lake mwenyewe, na hapo ndipo darasa zima lilipogundua kwamba hatujui pa kuanzia.

Msisahau tumetoka wapi. Mtoto wa kidato cha sita anaandika insha ya historia kurasa nne bila kumtaja hata mtu mmoja aliyemweleza anayoyaandika, na anapata A. Mwalimu kaandika ubaoni, yeye kanakili, mtihani umeuliza, amerudisha. Kwa mfumo alimolelewa huyo ndiye mwanafunzi mzuri. Miezi michache baadaye anaingia kwenye ukumbi wa mamia ya watu, anaelezwa kwa Kiingereza cha haraka kwamba mambo ya namna hiyo yanaitwa wizi wa kitaaluma na adhabu yake inaweza kuwa kufukuzwa chuo. Somo letu la kwanza la utafiti lilikuwa somo la kuogopa. Na mtu akishaogopa, anachokitafuta ni pa kujificha.

Pa kujificha papo. Kuna steshenari ambazo pamoja na kutoa kopi na kufunga ripoti kwa springi, zinakuandikia risechi nzima, sura ya kwanza hadi ya tano, dodoso likiwa limeshajazwa. Mnazijua, maana mnapita mbele yake kila asubuhi. Wasioweza bei hiyo wanadesa ripoti za waliotangulia, wanabadili jina la kata na mwaka.

Dawa iliyoletwa ni Turnitin, na tangu ilipoingia kilichobaki vinywani mwa wanafunzi ni asilimia. "Yako imetoka ngapi?" Programu ile inapima maneno yanayofanana na maneno mengine, basi. Wenye kuitengeneza wenyewe wanasema haiamui kama mtu ameiba, kazi hiyo wamemwachia mwalimu. Kwetu asilimia ndiyo hukumu. Kwa hiyo mwanafunzi anakesha akibadili neno mojamoja kwa kisawe chake mpaka sentensi inapoteza maana, ila rangi imegeuka kijani na yeye amelala salama. Huku mwenzake aliyechukua kurasa nzima za kitabu cha Kiswahili, akazigeuza Kiingereza, asimtaje mwenyewe hata kwa bahati mbaya, amepita bila kuguswa. Tena anasifiwa lugha.

Sasa imekuja akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022, ukiiomba marejeleo kuhusu magofu ya Kaole, ule mji wa kale jirani na Bagamoyo, inaweza kukupa jina la mwandishi, mwaka, jarida na namba za kurasa, nukta zote mahali pake, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na kampuni yao kwa kuipelekea mahakama kesi za namna hiyo, kesi ambazo hazikuwahi kusikilizwa popote. Wale ni mawakili wenye leseni. Mimi nawauliza nyie mliotunga ule mtihani wetu wa mwaka wa kwanza: rejeleo la uongo lenye koma sahihi lingepata alama ngapi? Kwa mwongozo wa kusahihishia niliouona, zote.

Kuhusu koma zenyewe nina neno moja tu, nisije nikaonekana mgomvi. Nilikatwa alama kwa kutoandika mji ambako kitabu kilichapishwa. Mwongozo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani, ambao ndio kitini kinadai kuufuata, uliuondoa huo mji katika toleo la 7 lililotoka 2019. Kitini chetu kinafuata toleo la 6, la mwaka 2009. Nilipouliza nikajibiwa kwamba huo ndio mtindo wa idara. Sawa, idara ina haki ya kuwa na mtindo wake. Basi iseme ni wake, isiwasingizie Wamarekani. (Hata mtindo wenyewe wa kuweka jina na mwaka kwenye mabano, ule mnaouita Harvard, huhusishwa na mtaalamu wa wanyama aliyekuwa akiandika habari za mayai ya konokono asiye na gamba mwaka 1881. Alikuwa anajirahisishia kazi. Haikushuka na malaika.)

Aliyenifundisha utafiti hakuwa kwenye ratiba. Ni mkutubi. Nilikwenda kumuuliza kama kuna kitabu chochote kuhusu Bagamoyo, akaniuliza natafuta nini hasa. Nikarudia: Bagamoyo. Akasema, "Mwanangu, Bagamoyo ni mji. Swali lako ni lipi?"

Akageuza kioo cha kompyuta yake kunielekea na kuandika neno hilohilo moja, ili nione. Yakaja maelfu ya matokeo, na mengi ya mwanzo yalikuwa ya malaria. Nikadhani mashine imekosea. Kumbe Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi hapa mjini kwetu, na Bagamoyo ni mojawapo ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S, pamoja na Korogwe kule Tanga. Matokeo ya mwisho yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2015, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Nimezaliwa na kukulia hapa, nikayajua hayo kwenye kompyuta ya chuo, kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na nafasi baada ya saa saba mchana.

Kisha akanionyesha kazi. Kuyafunga maneno mawili kwa alama za kunukuu ili yatafutwe pamoja. Kuongeza neno la pili, ndoa, halafu la tatu. Ukipata makala moja nzuri, usiifunge: nenda mwisho wake uone wao walimsoma nani, halafu utafute ni nani aliyeisoma hiyo makala baadaye akaitaja. Akaniambia chuo kina nywila za kuingilia majarida ambayo kwingine hulipiwa fedha nyingi, kupitia mpango wa Research4Life ambao Hinari, sehemu yake ya majarida ya afya, ilianza 2002, na kwamba African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, ipo tangu 1998, na Swahili Forum, jarida la mambo ya Kiswahili, ni la bure kabisa. Akanisakinishia Zotero, programu nayo ya bure, inayopanga marejeleo yenyewe kwa mtindo wowote utakaochagua. Nikakumbuka muhula mzima tulioutumia kukariri nukta.

Mkutubi yule hana hata kipindi kimoja mwaka mzima. Mwaka wa kwanza tulipopelekwa maktaba tulionyeshwa pa kuacha mabegi.

Naomba sasa mnivumilie kidogo, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mada yangu ilikuwa mila za harusi katika mji wetu. Anayetafiti desturi za watu wa mrima, yaani pwani hii ya kwetu, hana budi kukishika kitabu kiitwacho Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903. Jina lililotangulia pale ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Aliyeandika sehemu kubwa ya maneno yaliyomo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Ilibidi ifike 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka Marekani, ndipo jina la Mtoro likaingia kwenye jina la kitabu, yeye na "Waswahili wengine" ambao nao walichangia.

Kwenye ripoti za nyuma nilizozisoma kabatini, mmoja kamtaja Velten 1903, mwingine Allen 1981, wa tatu kaandika Bakari 1981. Wote watatu wanazungumzia maneno yaleyale ya mtu yuleyule, na msomaji asiyejua atadhani ni wataalamu watatu wamekubaliana. Ndivyo madai yanavyonenepa. Na wote watatu ukiwauliza watakwambia wamefuata kanuni, na kwa kiasi fulani ni kweli.

Waheshimiwa, kitabu hicho kimoja kingetosha wiki mbili za somo lenu. Nani mwandishi, nani mhariri, nani mfasiri? Umesoma Kiswahili cha 1903 au Kiingereza cha 1981, na kwa nini useme uliyoshika mkononi na si uliyosikia kuwa ipo? Mtoro aliandika akiwa na nani mbele yake, akijua nani atasoma? Alichosema kuhusu mahari ni alichokiona, alichosimuliwa, au alichotaka Mjerumani akiamini? Mwanafunzi akimaliza maswali hayo hatahitaji kutishwa na wizi wa kitaaluma. Atakuwa ameuona ulivyo, umefanyika kwenye jalada, kwa mtu wa kwao. Badala yake kitini kina mfano wa bwana mmoja aitwaye Smith, J., ambaye sidhani kama aliwahi kuishi.

Halafu kuna suala la jina. Kanuni inataka jina la mwisho litangulie, yaliyobaki yawe herufi. Mfumo unaodhani kila binadamu ana jina la ukoo unamgeuza Mtoro kuwa herufi moja na kumfanya baba yake mwandishi. Mimi mwenyewe, kama ripoti yangu itanukuliwa siku moja, atakayetajwa ni babu yangu mzaa baba, mvuvi, ambaye angeshangaa sana kusikia ana maoni kuhusu mbinu za ukusanyaji data. Watu wa Iceland nao hutumia jina la mtu na la baba yake, na kwenye orodha zao humpanga mtu kwa jina lake mwenyewe, dunia haijawakatalia. Sisi tumeshindwa nini kukaa, idara za Kiswahili na historia na maktaba, tukaamua namna moja ya kuwaandika watu wetu? Makala za Kiswahili tayari zinaandika "na wenzake" na "uk." bila shida yoyote. Tumefika nusu ya njia tukakaa.

Nilipomaliza vitabu nikaenda kwa watu. Barua ya utambulisho ya chuo ilipita Kibaha, ikaja wilayani, ikashuka kwa mtendaji wa kata, mpaka mtaani ninakoishi, ili niruhusiwe kuongea na majirani zangu. Hilo silalamikii sana, utaratibu ni utaratibu. Nikaenda kwa bibi mmoja ambaye ni kungwi wa siku nyingi. Alinieleza habari za kusingwa kwa bi harusi, liwa inavyosagwa, nani ana haki ya kushika jiwe na nani hana hata kama ni mama mzazi, na mahali ambapo alidhani Mtoro kachanganya ya Bagamoyo na ya kwingine. Nilimsomea kipande, akakisikiliza macho kayafumba, akasema, "Huyu mwanamume. Hakuingia ndani." Katika mapitio yote ya maandishi niliyosoma sikukuta uhakiki wa chanzo mkali kuliko huo.

Ilipofika fomu ya ridhaa nikamwambia, "Bibi, fomu inasema nitalificha jina lako."

"Ulifiche kwani nimeiba?"

Nikamweleza mambo ya usiri na usalama wa mshiriki. Akacheka. "Mjukuu wangu, mama zenu nimewacheza mimi, hilo wanalijua hata wauza samaki. Andika jina langu, na la mama yangu aliyenifunza."

Fomu haikuwa na kisanduku cha mtu anayetaka kutajwa. Najua kwa nini fomu zinaficha majina. Mtu anayeeleza ugonjwa wake au kosa la bosi wake lazima alindwe. Lakini kungwi anayeeleza fani yake ni mtaalamu, kama profesa, na profesa hatumwiti "mhojiwa". Kwenye ripoti yangu bibi yule ni Mhojiwa Na. 4. Hata hapa simtaji, maana fomu nilisaini. Miaka zaidi ya 120 baada ya Göttingen, mtu wa Bagamoyo ameeleza desturi za Bagamoyo na jina lililo juu ya jalada ni la mtu mwingine. Safari hii ni langu.

Na msiniambie mtindo hauruhusu. APA wanasema mazungumzo ambayo msomaji hawezi kuyafikia yasiingie kwenye orodha ya mwisho, yatajwe ndani ya matini tu. Lakini toleo hilohilo la 2019 lina maelezo ya namna ya kutaja maarifa ya wenyeji yaliyopokewa kwa mdomo: jina kamili la msemaji, watu wake, mahali, tarehe. Na kama sauti imehifadhiwa mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kuisikiliza, basi ni chanzo kama kitabu, inaingia kwenye orodha. Kikwazo hapo ni sisi wenyewe, hatuna pa kuziweka. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa zamani, na katalogi yake, kazi ya Allen yuleyule, ilichapishwa 1970. Waliofanya hivyo walizunguka pwani nyumba kwa nyumba bila simu ya kurekodia. Leo kila mwaka mamia ya wanafunzi wanarudi kutoka fildi na sauti za wazee kwenye simu zao, na simu zikijaa wanazifuta ili wapate nafasi ya picha za mahafali.

Kwa hiyo ombi langu kwenu si la kitini kipya. Mpeni mkutubi vipindi, viingie kwenye ratiba na vihesabiwe kama mzigo wa kazi wa mwalimu, wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza, vikundi vidogo, kompyuta zikiwa zimewashwa. Mtihani wa marejeleo uwe wa kutafuta: mpeni mwanafunzi dai moja, akafuate nyuma mpaka lilikoanzia, aseme alimkuta nani huko. Semeni nasi kwa Kiswahili pale jambo linapokuwa gumu. Mitihani ibaki kwa Kiingereza mkitaka. Fomu za ridhaa ziongezewe kisanduku kimoja. Na kila chuo kiwe na mahali pa kuhifadhi sauti za fildi, hata kama kwa kuanzia ni diski moja kwenye ofisi ya mkutubi yenye daftari la kuandikia nani kasema nini na wapi.

Najua mtasema walimu ni wachache na wanafunzi ni wengi. Ni kweli, na msimamizi wangu alikuwa na watu wengi kiasi kwamba nilikuwa namkuta koridoni ananiita kwa jina la mada. Lakini saa zinazotumika sasa kuita watu kamati za nidhamu kwa sababu ya asilimia, nazo ni saa za walimu haohao.

Jambo la mwisho ni langu binafsi, ila linahusika. Niliandika kuomba nakala moja ya ripoti yangu irudishwe Bagamoyo, iwekwe mahali ambapo watu niliowahoji wanaweza kuisoma au kusomewa. Sijajibiwa. Kama kuna fomu ya kujaza nitaijaza, na kama gharama ya kuifunga ni juu yangu nitailipa; ninachohitaji kujua ni ofisi gani inahusika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mhitimu mtarajiwa,
Dunda, Bagamoyo